Mcheza Kwao Hutunzwa: Ngoma, Jukwaa na Ukoo kutoka Masasi hadi Unguja



1.0 Utangulizi

Tarehe 17 Aprili 2013 alifariki dunia kisiwani Unguja Bi Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la utani la Bi Kidude. Alikuwa amepanda majukwaa kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wetu tuliomo humu ukumbini. Katika maombolezo yaliyofuata, kauli mbili zilirudiwa mara kwa mara. Ya kwanza ilisema kwamba bibi huyu aliipenda ngoma mpaka pumzi yake ya mwisho. Ya pili, iliyotamkwa kwa sauti ya huruma, ilisema kwamba hakuacha mtoto. Aliyezisikia kauli hizo pamoja angeweza kudhani kwamba moja ni bei ya nyingine: kwamba mtu akilipenda jukwaa kwa dhati, hana budi kuikosa familia.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kuichunguza dhana hiyo kwa kutumia chombo ninachokifahamu zaidi, yaani lugha. Ninakusudia kuonyesha kwamba katika lugha ya ngoma aliyoipiga Bi Kidude, jukwaa na ukoo havikuwa vitu viwili vinavyogombea moyo wa mtu mmoja. Kucheza kulikuwa njia mojawapo ya kupata jamaa. Ili kulidhihirisha hilo, itatubidi tutoke Unguja na kurudi nyuma, mpaka kusini mwa Tanzania, katika nchi ya Masasi, Chidya na Newala, kwenye uwanda wa Makonde na mabonde yaliyouzunguka. Ngoma ya unyago iliyochezwa visiwani ina mizizi mirefu katika bara hilo la kusini.

Dira ya safari yetu itakuwa methali ambayo kila mmoja wetu anaifahamu: *Mcheza kwao hutunzwa*. Methali hii ina maneno matatu tu. Nitayachukua moja baada ya jingine, kwani kila moja limebeba sehemu ya hoja.

2.0 Mcheza

Wanafunzi wa sarufi wanajua kwamba Kiswahili kina namna mbili za kuunda jina la mtenda kutokana na kitenzi hiki. Tunaweza kusema *mchezaji*, na tunaweza kusema *mcheza*. Tofauti yake si ndogo. *Mchezaji* ni neno linalojitosheleza. Husimama peke yake na kueleweka. *Mcheza* haliwezi kukaa pweke. Linadai neno la kuliegemea: mcheza ngoma, mcheza bao, mcheza kwao. Ni kama *mlaji* na *mla nyama*, au *mpigaji* na *mpiga zumari*. Wahenga walipoitunga methali yao hawakumtaja mchezaji. Walimtaja mcheza, mtu ambaye jina lake halikamiliki mpaka pale anapochezea patajwe.

Aidha, kitenzi *cheza* chenyewe kina tabia nyingine inayostahili kuangaliwa. Kwa kawaida shamirisho yake ni mchezo au kitu: tunacheza mpira, tunacheza karata, tunacheza ngoma. Lakini katika muktadha wa unyago, shamirisho ni mtu. Makungwi *humcheza* mwali. Mwali *huchezwa*. Ikisemwa kwamba binti fulani *amechezwa*, msikilizaji wa pwani au wa kusini anaelewa kwamba binti huyo amepitishwa katika mafunzo, ameambiwa aliyopaswa kuambiwa, na sasa anahesabiwa miongoni mwa watu wazima. Na ikisemwa kwamba *hakuchezwa*, hilo ni tusi. Maana yake ni kwamba hakufundwa.

Tulitafakari jambo hili. Mwigizaji wa tamthilia *hucheza nafasi* ya mfalme au ya mlevi kwa muda wa saa mbili, kisha huvua joho na kurudi nyumbani akiwa yuleyule. Mwali hachezi nafasi ya mtu mwingine. Yeye ndiye anayechezwa, na mchezo ukiisha harudi alikotoka. Zao la mchezo ni mtu mpya. Kwa hiyo katika matumizi haya ya kitenzi, sanaa na malezi vimo ndani ya mzizi mmoja wa neno, na hakuna kiambishi kinachovitenganisha.

Lipo pia jozi la maneno *kumbi* na *ukumbi*. Kumbi ni mahali wanapokaa wari wa jando wakati wa mafunzo. Ukumbi ni sebule au jengo la mikutano, na ndilo neno tulilolichukua kwa ajili ya majumba yetu ya maonyesho. Sitaki kujenga nadharia ya asili ya maneno juu ya sauti zinazofanana. Natosheka kusema kwamba sikio la Mswahili linayasikia maneno haya mawili yakiwa jirani, na ujirani huo unatukumbusha kwamba mahali pa kutazama na mahali pa kulelewa hapakuwa mbali.

3.0 Kwao

Sasa tuingie katika neno la pili. *Kwao* ni nyumbani kwa mtu, lakini angalieni umbo lake: ni kwa *wao*, si kwa *yeye*. Kiswahili hakisemi kwamba mtu ana kwake pa asili peke yake. Kwao ni kwa watu wake.

Kwao kwa ngoma tunayoizungumzia ni katika nchi ya Wamakonde, Wayao na Wamakua. Jamii zote tatu kwa jadi huhesabu nasaba kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo yake, likiwamo jambo la jando. Katika nchi hii mafunzo ya wavulana na ya wasichana yalikuwa ndiyo tamasha kubwa la mwaka. Yalifanyika baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, chakula kikiwa kipo ghalani na pombe ikiwa imepikwa. Katika Kiyao neno *unyago* hutaja mafunzo ya wavulana na ya wasichana pia. Kiswahili cha pwani kililipokea neno hilo na kulifinya, likabaki kwa wasichana, ilhali wavulana walipewa neno *jando*. Historia ya neno hili pekee inatosha kutuonyesha njia iliyofuatwa na ngoma yenyewe.

Miongoni mwa Wamakonde, wari wanapotoka, hutoka pia wachezaji waliovaa sura za mti, zile ambazo kwa upande wa Tanzania huitwa *midimu* na ng'ambo ya Ruvuma huitwa *mapiko*. Mcheza sura hujifunika mwili mzima. Hatajwi jina. Watoto na wasiochezwa hufundishwa kumwogopa kama kiumbe kisicho mtu. Siri hiyo hufunuliwa kumbini: kijana huambiwa kwamba yule aliyemtia hofu miaka yote ni mwanadamu, tena huenda ni mjomba wake mwenyewe. Sijui mfano ulio bora zaidi ya huu wa uhusiano wa sanaa na ukoo. Mchezaji hujificha mbele ya watu wake anaowapenda, na kukua kwa kijana ni kufika mahali pa kumtambua jamaa yake nyuma ya sura. Tangu siku hiyo kijana naye huitunza siri. Amekuwa ndugu wa mchezaji kwa mara ya pili, safari hii kwa njia ya mchezo.

Nchi hii ina nafasi ya pekee katika historia ya taaluma yetu. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, ambaye wakati huo alikuwa bado padri, alichapisha kitabu chake mashuhuri cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja. Miaka sita baadaye, mwaka 1876, Steere huyohuyo aliondoka pwani na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akiwa na nia ya kuwarudisha makwao karibu na Ziwa Nyasa. Wengi wao walikuwa na asili ya bara la kusini. Walipofika Masasi walikaa, na kijiji kikaanzishwa. Hivyo basi, watu waliokuwa wamechukuliwa bara na kupelekwa visiwani walirudi bara wakiwa na lugha ya visiwani. Ngoma ilikuwa imekwenda nao. Sasa Kiswahili kikarudi nao.

Kijiji hicho hakikupata raha. Mwaka 1882 kilivamiwa na Wangoni, na mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi iliteketezwa. Mwaka 1906, vita vikiwa havijapoa, alifika Mjerumani Karl Weule kutoka jumba la makumbusho la Leipzig. Alipita Masasi, Newala na Mahuta akiwa na kamera, mashine ya filamu na fonografu. Alinasa nyimbo katika mitungi ya nta na kuzipeleka Ujerumani. Yumkini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa ngoma ya uwanda huo kusikilizwa na watu ambao haikuwa ikichezwa kwa ajili yao, mahali ambapo hapakuwa na mwali.

Baada yake walikuja wamisionari waliotambua kwamba jando halingeondolewa kwa amri. Padri Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, aliruhusu jando la Kikristo, lenye kumbi yake, wari wake na baraka za Kanisa. Kwa upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwani mafunzo yao yalikuwa mikononi mwa wanawake, na mlango huo haukuwa wazi kwa mapadri. Lyndon Harries, ambaye wengi wetu tunamjua kwa kitabu chake cha ushairi wa Kiswahili cha mwaka 1962, alihudumu katika dayosisi hiyohiyo kabla ya kuwa profesa, na mwaka 1944 alichapisha maelezo yake juu ya unyago na jando la Wamakonde. Wataalamu wa ushairi wetu wangefanya vema kukumbuka kwamba sikio la Harries lilinolewa kusini.

Chidya ni sehemu ya historia hiyo. Misheni ilijenga hapo shule iliyolea walimu, na hivi leo pana shule ya sekondari. Hapo vijana wa Kimakonde, wa Kiyao na wa Kimakua walikaa bweni moja, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Kijana aliyesoma Chidya alikuwa amepita shule mbili: ya ubao na chaki, na ya kumbi. Shule ya kwanza ilimpa cheti. Ya pili ilimpa jina jipya, wenzake wa rika, na wazee wa kumjua. Msomi anayetaka kuelewa kwa nini Kiswahili cha kusini kina msamiati mzito wa ngoma na malezi angeanzia huko, ambako shule zote mbili zilimfunza mtu mmoja.

4.0 Ngoma kuvuka bahari

Biashara ya utumwa ya karne ya 19 iliwamwaga pwani na visiwani maelfu ya watu wa kusini na wa Nyasa. Walipofika walikuwa wamepokonywa kitu kile hasa tulichokiita *kwao*. Ukoo wa mama ulikuwa umebaki nyuma, mjomba hayupo, jina limebadilishwa. Katika hali hiyo, ngoma ya unyago haikuwa burudani ya watu waliochoka na kazi. Ilikuwa chombo cha kuunda upya ujamaa pasipo damu. Mwanamke asiye na mama alipata *kungwi*. Binti asiye na shangazi alipata *somo*.

Watafiti wa Unguja na Mombasa, miongoni mwao Margaret Strobel na Laura Fair, wameonyesha jinsi ngoma hizi za wanawake wenye asili ya utumwa zilivyosambaa mpaka zikawavuta wanawake wa tabaka zote. Kwa mwanaisimu, ushahidi umo katika maneno. *Somo* katika Kiswahili ni mwalimu wa unyago, ni rafiki wa siri, na ni mtu mnayechangia jina. Mahusiano haya matatu yasiyo ya damu yamekusanywa katika neno moja. Kungwi na mwali wake hawaachani siku ngoma inapokwisha. Kungwi huitwa siku ya harusi, huitwa siku ya uzazi, na huwa na haki ya kuheshimiwa hadi kufa. Mwali naye ana deni lisilolipika kwa siku moja.

5.0 Bi Kidude

Ni ndani ya urithi huu ndipo tunapopaswa kumweka Bi Kidude. Hoja yangu haihusu nasaba ya damu yake. Inahusu nasaba ya ngoma yake.

Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, kisiwani Unguja, mwanzoni mwa karne ya 20, baba yake akiwa mfanyabiashara wa nazi. Kwa masimulizi yake mwenyewe, ambayo yamechapishwa na kurekodiwa mara nyingi, alitoroka nyumbani akiwa binti mdogo ili kuiepa ndoa asiyoitaka, akazunguka bara akiimba. Alijihesabu kuwa mfuasi wa Siti binti Saad, yule mwanamke wa Fumba aliyesafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Katika miaka ya 1980 Bi Kidude aliimba na kikundi cha Twinkling Stars, na baada ya hapo safari za Ulaya, Uarabuni na Japani zikafuata. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Mwaka 2006 filamu ya maisha yake ilitoka. Katika tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, alikuwa mtu wa kungojewa.

Lakini taarabu ilikuwa nusu tu ya kazi yake. Nusu nyingine ilikuwa unyago. Alikuwa kungwi. Aliupiga msondo, ile ngoma ndefu, akiwa amesimama, ngoma ikiwa katikati ya miguu yake, na aliwafunza wasichana mambo ya mwili wao, ya unyumba na ya kujistahi. Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Aliyewafunza wengine namna ya kuingia katika ndoa ni mtu aliyekuwa ameikimbia. Wengine wameona hapo mgongano. Mimi naona sifa ya mwalimu. Aliyajua maumivu ya binti anayepelekwa asikotaka, na hakuna kungwi anayefaa kuliko yule anayejua kwamba mwali aliye mbele yake ni mtu mwenye hiari.

Aliposemwa kwamba hana mtoto, waliosema walikuwa wakihesabu kwa kipimo cha uzazi. Hakujaaliwa mtoto wa kumzaa. Hilo ni kweli. Hata hivyo, kwa kipimo cha ngoma yake, kila binti *aliyechezwa* naye alikuwa mwana. Turudi kwenye kitenzi chetu: mchezo wa unyago humzalisha mtu. Aliyefanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa hawezi kuitwa tasa ila na mtu asiyeijua lugha. Mapenzi yake kwa ngoma yalikuwa ndiyo mapenzi yake kwa jamaa. Hapakuwa na chumba cha pili moyoni.

Sitaki kuonekana kama ninayeupamba unyago. Katika mikoa ya kusini na kwingineko, mafunzo haya yamelaumiwa, tena kwa haki, pale yanapowatoa wasichana wadogo shuleni au kuwatayarisha kwa ndoa kabla ya wakati. Ngoma inayomcheza mtoto kana kwamba ni mtu mzima inavunja ahadi yake yenyewe, kwa maana ahadi ya unyago ni kumtoa mtu mzima, na mtoto haiwi mtu mzima kwa kupigiwa ngoma. Anayeipenda mila hii ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo.

6.0 Hutunzwa

Sasa tumefikia neno la tatu, ambalo ndilo lenye deni.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaribiana: *tuza* na *tunza*. Kutuza ni kumpa mtu zawadi kwa kazi nzuri. Humo tunapata *tuzo*. Kutunza ni kuangalia na kulea; humo tunapata *matunzo*. Lakini katika matumizi, *tunza* hubeba maana zote mbili. Mtazamaji wa taarabu anayenyanyuka na noti mkononi kumwendea mwimbaji *anamtunza*. Mama anayemlea mwanawe naye *anamtunza*. Methali yetu iliuchagua umbo unaobeba maana zote mbili, na kwa kutumia *hu-* ya mazoea ikatuambia kwamba jambo hilo hutokea daima, si mara moja kwa mwaka.

Kwenye uwanda wa Makonde, maana hizo mbili zilikwenda pamoja. Aliyewacheza wari alipewa nafaka, kuku, nguo na fedha. Hiyo ndiyo zawadi. Na alipozeeka, waliochezwa naye walikuwa hai na walimjua. Hayo ndiyo matunzo. Jukwaa la kisasa limevitenganisha vitu hivyo. Mtazamaji hununua tikiti, hupiga makofi, huondoka. Baada ya taa kuzimwa hadaiwi chochote. Tuzo imebaki, matunzo yamepotea njiani.

Historia ya ngoma ya sindimba inaonyesha jambo hilo. Baada ya uhuru, Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilichoundwa miaka ya 1960 kiliikusanya sanaa ya makabila mbalimbali, na sindimba ya Wamakonde ikawa miongoni mwa ngoma zilizojulikana zaidi nchini. Ilikuwa heshima kubwa kwa kusini. Lakini ngoma iliyokuwa na wari, wazazi na wajomba ilipandishwa jukwaani bila wao. Mcheza alikwenda Dar es Salaam, na kwao kukabaki Newala. Mwaka 1981 kilifunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na wasanii wengi waliihamishia maisha yao pwani.

Wapo waliokataa kutenganishwa. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alikuwa mmoja wa wasanii waliokuja pwani kwa njia ya kikundi cha taifa. Hakuacha kwao nyuma; alikuja nako. Kikundi alichokijenga Bagamoyo kilikuwa cha ndugu na watoto wake. Alipofariki Desemba 2003, zeze na ilimba havikunyamaza. Mwaka 2024 wanawake wawili wa ukoo huo, Pendo na Leah, walitoa albamu yao wenyewe, wakisimama mbele katika sanaa ambayo awali iliwaweka nyuma. Hapa methali imetimia kwa mkato: mcheza alipofanya jukwaa kuwa kwao, waliomtunza walikuwa ni wacheza wenziwe.

Wapo pia waliolirudisha jukwaa kwa mwali. Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, wote wawili wakiwa waandishi na watu wa jukwaa, waliasisi mradi wa Tuseme mwaka 1996, ambamo wasichana wa sekondari hutumia maigizo kuyasema matatizo yao na kuyatafutia ufumbuzi. Nautazama mradi huo kama mrithi wa kitenzi chetu cha kale. Binti hakai kwenye kiti akitazama. Mchezo unamhusu yeye, na unapokwisha amejifunza kusema. Tofauti ni kwamba safari hii hachezwi tu. Anacheza, na mwenye neno ni yeye.

7.0 Hitimisho

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, naomba nimalizie kwa mapendekezo matatu ambayo yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, watunga kamusi wetu waipe maana ya *kumcheza mtu* nafasi kamili, yenye mfano na maelezo, badala ya kuiacha pembeni kama mambo ya wanawake. Maana hiyo ndiyo inayotufunulia namna waliotutangulia walivyoielewa sanaa. Sambamba na hilo, msamiati wa unyago na jando wa Masasi, Newala na Unguja ukusanywe kwa ulinganishi, kwa ridhaa ya makungwi wenyewe. Kile wanachosema ni siri kibaki siri. Mwanataaluma asiye na adabu hiyo hakuchezwa.

Pili, nakala za sauti na picha zilizochukuliwa kusini mwaka 1906 ziwafikie watu wa huko, na zikae mahali ambapo mwanafunzi wa Chidya au wa Newala anaweza kuzisikiliza bila kuomba viza. Ngoma iliyopelekwa ugenini ina haki ya kurudi kwao.

Tatu, ni suala la uzee wa wasanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kwa Tanzania Bara, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2003, zimesaidia kumtambua mwenye kazi. Hata hivyo mpiga msondo, mcheza midimu na kungwi hawana wimbo wa kudai kuwa ni wao peke yao. Urithi wanaoubeba ni wa wengi. Wao hawahitaji mrabaha pekee. Wanahitaji matibabu, paa na mtu wa kuwajulia hali. Vyuo vinavyowaalika kupamba mahafali, na serikali zinazowaalika kupamba sherehe, viweke utaratibu wa bima na akiba kwa ajili yao, ili mwaliko usiwe wa siku moja.

Lugha yetu ina neno *mtunzi*. Anayetunga mashairi ni mtunzi, na neno hilo limetokana na *tunga*. Anayetunza watoto naye ni mtunzi, na neno hilo limetokana na *tunza*. Njia mbili za sauti zimekutana katika umbo moja. Bi Kidude alikuwa mtunzi kwa maana zote mbili, na hivyo ndivyo walivyokuwa wale wanawake wasiotajwa majina waliovuka bahari kutoka kusini wakiwa hawana kitu ila ngoma vichwani mwao. Walipoteza kwao, wakapacheza upya. Kutunzwa kwao kumebaki juu yetu.